Mpwa Wangu, Saa Yake na Tope la Mida

Mpwa wangu anafanya kazi Muscat, na huko ameambukizwa kukimbia. Zamani mtu akirudi kutoka Arabuni alikuja na redio, mablanketi na udi. Huyu alikuja na saa. Na si saa ya kuangalia saa, maana ukimuuliza ni saa ngapi anatoa simu mfukoni. Hiyo ya mkononi kazi yake ni kumhesabia hatua na mapigo ya moyo, na asubuhi humsuta kwamba hakulala vizuri.

Alifikia kwa mama yake, dada yangu, pale Gede. Nami nikapanda matatu kutoka Mombasa kwenda kumjulia hali, nikiwa nimejiandaa kwa biriani tu. Nilipomaliza sahani ya pili akanitazama tumbo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mjomba, kesho tunakimbia."

"Tunamkimbia nani?"

"Hatumkimbii mtu. Ni mazoezi."

Akanionyesha simuni mstari mwekundu. Unaanzia kwenye kuta za magofu ya Gede, unafuata barabara kuu ukiuambaa msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Mida, hapo unakata Hori ya Mida, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mpaka Dabaso, kisha unarudi nyumbani. Kumbe kuna programu ambamo watu huacha njia walizopita ili wengine wazifuate na kushindana nazo. Kipande cha hori kilikuwa kimepitwa na mtu mmoja tu, kwa mwendo wa konokono.

"Huyu alikuwa anatambaa," mpwa wangu akasema. "Hapa hata wewe utamshinda."

Ile "hata wewe" niliimeza pamoja na kachumbari.

Asubuhi lango la magofu lilipofunguliwa sisi tulikuwa wa kwanza. Kwa asiyepajua, Gede ni mji wa Waswahili wa kale, wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliomezwa na miti. Ulikaliwa karne kadhaa, kisha katika karne ya 17 wenyewe wakauacha. Una kuta mbili. Ya ndani iliwazunguka wenye nazo, yaani jumba la mfalme, msikiti mkuu na nyumba za mawe. Ya nje ilizunguka eka 45 hivi, na baina ya kuta hizo inaaminika ndiko walikokaa kina sisi, kwenye nyumba za udongo. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mji huu mwaka 1948, akatoa vyombo vya kaure vya China, shanga na vitu vya chuma, na nyumba nyingine zikapewa majina ya vilivyookotwa ndani yake. Ndiyo maana ipo Nyumba ya Mkasi. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mpwa wangu alisikiliza haya yote kwa adabu, halafu akauliza ukuta wa nje una mzunguko wa mita ngapi.

"Humu ndani mtu hakimbii," mwongozaji akatuambia. Tulikuwa tumesimama mbele ya kaburi lililochongwa tarehe, mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399. "Kuna makaburi, na wenyewe wapo."

Alisema "wenyewe wapo" kwa sauti ya karani anayekwambia bosi yuko ofisini. Tukatembea. Saa ya mpwa wangu ikalia, ikitaka kujua kama mazoezi yamekwisha.

Tukapumzika karibu na kisima kimoja. Yeye alikuwa na vipakiti vya ute mtamu ambao wakimbiaji hunyonya ili wapate nguvu. Mimi nilikuwa na mahamri ya dada yangu kwenye kimfuko cha kiunoni, ambacho nilikuwa nimekivua kwa sababu kilinibana. Kima akateremka kwenye mti, mweupe kooni, mtulivu, akakaa kando ya kimfuko. Nikadhani atakirarua. Hakukirarua. Alishika kichwa cha zipu kwa vidole viwili, akakivuta polepole mpaka mwisho, akachungulia ndani. Alianza na kipakiti cha ute ambacho mpwa wangu alinilazimisha kubeba. Akaking'ata, akaonja, akafuta mkono kwenye ukuta wa zaidi ya miaka 400, akakitupa. Kisha akatoa hamri, akalinusa, akalikata nusu. Jamaa zake wakaanza kushuka.

Wataalamu wanabishana kwa nini watu waliihama Gede. Wapo wanaosema maji ya visima yalipungua, na wapo wanaotaja kuja kwa Waoromo na vurugu za pwani enzi za Wareno. Mimi nilikaa pale nikitazama mahamri yangu yakigawanywa ukoo mzima, nikaona kuna sababu moja ambayo bado haijachunguzwa.

Kimfuko kilikuwa na nauli yangu ya kurudi Mombasa, kwa hiyo hatukuweza kuondoka. Mwishowe mwongozaji alimkemea kima kwa Kigiriama, maneno machache tu, na kima akakiacha kimfuko pale pale. Mimi nilikuwa nimembembeleza kwa Kiswahili sanifu muda wote huo.

Huko ukuta wa nje ndiko tulikokimbia hasa, kama kuruka mizizi na vifusi kunaitwa kukimbia. Mahali pengine ukuta umesimama, pengine umebaki rundo la mawe lililokumbatiwa na mti. Barabarani sina mengi. Malori yalitupigia honi, jua likapanda, na utingo wa matatu akaning'inia mlangoni akipaza sauti, "Mzee, ingia twende, usijitese!" Ukingoni mwa msitu tulimwona sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu. Alitutazama kidogo akapotea vichakani kwa kasi ambayo mpwa wangu aliitazama kwa wivu.

Tulifika Mida maji yakiwa yamekupwa hadi mwisho. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, na mtoto yeyote wa pwani anajua maana yake: bamvua. Maji hukimbia mbali yakaacha uwanda mtupu, na yakianza kurudi hayamngoji mtu. Nikalisema hilo. Mpwa wangu akanionyesha mstari mwekundu. Kina mama waliokuwa wakichimba chambo wakaacha kazi, wakaweka mikono viunoni kututazama. Hilo peke yake lilikuwa onyo la kutosha kwa mtu aliyelelewa huku, lakini huyu mwenzangu ana miaka mingi Oman.

Mwanzo ni mchanga mgumu, raha kabisa. Kisha mizizi ya mchu, inayochomoza juu ya tope kutafuta hewa, maelfu kwa maelfu, wima. Ukiikwepa hiyo unakutana na mikoko iliyosimama kwa magoti. Ukiikwepa mikoko, unaingia topeni.

Kiatu cha kulia cha mpwa wangu ndicho kilichotangulia. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki, na lile shimo likajifunga juu yake likitoa mlio ambao mezani usingeurudia. Viatu vile vilikuwa bei ya mbuzi wawili. Akapiga magoti kukifukua kwa mikono yote miwili, na kadiri alivyochimba ndivyo alivyozama. Pembeni, vikaa vyenye gando moja kubwa vilisimama kwenye milango ya mashimo yao vikilipunga, vyote kwa pamoja. Nilipogeuka kumcheka nikakuta na mimi nimo mpaka magotini.

"Lala!" mama mmoja akapaza sauti. "Lalia tumbo, baba! Usisimame!"

Nikalala. Na hapa nataka niseme jambo mbele ya wale wote waliowahi kulisema vibaya tumbo langu. Mtu akisimama topeni uzito wote uko kwenye nyayo mbili, akilala unasambaa. Mimi nilipolala sikuzama hata inchi. Nilielea. Nikapiga mikono, nikateleza hadi kwenye mizizi ya mkoko, nikashika. Mpwa wangu, ambaye tumbo lake ni bapa na ana picha za kulithibitisha, alilala akaendelea kukwama mapajani.

"Mjomba, nivute."

"Muulize saa yako inashauri nini."

Ilikuwa inashauri. Ilisema moyo unakwenda mbio sana ilhali miguu haisogei, je, aite msaada?

Ndipo maji yakaanza. Kwanza ulimi mwembamba ulipita kwenye mkondo, wa uvuguvugu, ukibeba majani makavu. Tukasikia pondo ikigonga chini, na mzee mmoja akatokea na mtumbwi wake, amesimama nyuma, hana haraka.

"Shikamoo, mzee," mpwa wangu akasema kutoka mapajani kwenda juu.

"Marahaba. Mwafanya nini hapa?"

"Tunakimbia."

Mzee akatazama nyuma yetu, akatazama mikokoni, akatutazama sisi. "Mwamkimbia nani?"

Mpwa wangu akanyoosha mkono, akamwonyesha simu iliyojaa tope. "Tunaifuata njia hii hapa, mzee. Kuna mtu aliipita."

Mzee akainama, akautazama mstari kwa makini. "Ni kweli, ni njia. Naipita kila siku."

"Kwa miguu?"

Mzee akapiga ubavu wa mtumbwi kwa kiganja. Halafu akakumbuka. "Kuna mgeni nilimvusha, ana saa kama hiyo yako. Alikaa hapo mbele akila embe mpaka Dabaso."

Walimtoa mpwa wangu kwa pondo, kamba na kina mama wanne waliokuwa wakicheka hadi wakakosa nguvu za kuvuta, ikabidi wapumzike waanze upya. Kiatu hakikupatikana. Mzee alituweka mbele ya mtumbwi, nafasi ile ile ya mla embe, na kwa kuwa maji yalikuwa yanajaa na mkondo unatusukuma, tulikwenda kwa kasi nzuri mno.

Dabaso kuna mkahawa umejengwa juu ya nguzo mikokoni, wanauza sambusa za kaa. Watalii walikuwa wanakula walipotuona tukipanda ngazi, rangi moja toka nywele hadi kucha, mmoja kiatu kimoja. Wakatupiga picha. Mhudumu alituomba kwa upole tujimwagie maji kwanza. Nilikula sambusa sita, na kila moja nilimwona ndani yake kaa mmojawapo wa wale walionipungia gando.

Tulipokuwa tunangoja bodaboda, saa ikalia tena. Haikuwa imezimwa. Ilimpongeza mpwa wangu: amevunja rekodi, sasa yeye ndiye mwenye kasi kuliko wote waliowahi kukimbia kuvuka Hori ya Mida. Nikamwambia aifute. Akasema kisheria hakuna alipodanganya, programu haikuuliza kuhusu mtumbwi.

Amesharudi Muscat na rekodi bado ni yake. Juzi mtu mmoja wa Nairobi anayepanga kuja likizo alimwandikia kuuliza njia hiyo ikoje. Akamjibu kwamba ni nzuri sana, ila abebe nauli.