Nyumbani Kwangu Kuna Poirot Wanne

Nyumbani kwangu kuna televisheni moja, rimoti moja iliyofungwa mpira ili betri zisichomoke, na Hercule Poirot wanne. Wa kwanza wangu, wa pili wa Mama Zuhura, wa tatu wa kijana wangu wa kidato cha tatu, na wa nne wa shemeji yangu, aliyekuja kulala siku mbili tangu Ramadhani.

Kwa asiyemjua, Poirot ni kachero wa vitabuni. Mbelgiji, mfupi, kichwa kama yai, nadhifu mpaka kero, na masharubu anayoyatunza kama mali ya urithi. Mwandishi Agatha Christie alimtoa mwaka 1920, na habari za kufa kwake zilipotoka mwaka 1975, gazeti la New York Times likamwandikia taazia ukurasa wa mbele. Mtu wa kutungwa! Mimi nikifa hata tangazo la redioni sina hakika nalo, maana atakayepewa hela akalilipie ni shemeji.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Jicho langu halidanganywi na mshono, ndiyo maana katika waigizaji waliomcheza Poirot, wangu ni David Suchet wa kwenye televisheni, na hapo sina mjadala. Kuanzia 1989 mpaka 2013, vipindi 70, sijaona ukosi uliopinda. Kabla ya kuanza alivisoma vitabu akaandika tabia za mzee yule, vipengele 93, mpaka sukari anayotia kwenye chai. Tumbo lenyewe alitiliwa sponji. Na zile hatua zake fupifupi alizipata kwa kufanya mazoezi ya kutembea amebana sarafu... niseme pale mtu anapokalia.

Nilipolijua hilo niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikachukua shilingi mia mbili. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ikanidondoka, ikasimama wima, ikajiviringisha zake mpaka chini ya mlango ikatoka nje. Nikasikia kitinda mimba wangu anashangilia. Akaenda kununulia barafu ya ukwaju, akarudi ananyonya na kuniuliza, "Baba, kuna nyingine?" Ilikotoka sikumwambia, na nyinyi naomba msimwambie.

Mama Zuhura yeye ni Peter Ustinov, mwigizaji wa sinema. "Huyu anacheka," anasema. "Huyo wako anakaa kama amekuja kudai kodi." Namwambia mke wangu, Poirot ni kijitu kifupi, huyo ni kabati la nguo! Hasikii. Anasema ile filamu ya mauaji kwenye meli ya Mto Nile, ya mwaka 1978, walikwenda Misri kwenyewe kuipiga, jua lile ni jua. Kosa langu ni kumsimulia kile kisa cha binti yake Agatha Christie, aliyemwambia Ustinov kwamba Poirot hayuko hivyo, na Ustinov akajibu, "Sasa yuko hivyo." Tangu siku hiyo sina amani mezani. Nikimwambia ugali hauko hivi, ananijibu sasa uko hivi. Mchuzi hauko hivi. Sasa uko hivi.

Kijana ndiye anayeniumiza, maana ada nalipa mimi. Wake ni Kenneth Branagh, mwigizaji wa hizi filamu mpya. Jamani, mmeyaona masharubu yale? Ghorofa mbili! Yameanzia puani, yakapita mashavuni, yanaelekea masikioni kama yana miadi huko. Akilala anayavalisha kinga. Hayo ningeyameza. Lakini ile ya Mto Nile aliyoitoa mwaka 2022, meli na mto vimetengenezwa studio Uingereza na kwenye kompyuta, na juu ya hayo wameyatungia masharubu historia: eti yalifugwa kuficha kovu la vita. Kovu gani? Kwenye kitabu mzee wa watu aliingia Uingereza mkimbizi, polisi mstaafu, umri umeshakwenda, na masharubu yake anayo. Hao wamempeleka mahandakini! Na mwisho, sikilizeni hili, mwisho anatokea kayanyoa. Nilisimama. Nikakosa la kufanya, nikakaa.

Kijana ananiambia bila kupepesa: "Baba, wa kwako ni mhusika bapa. Wangu ni mhusika duara. Anabadilika."

Hivi ndivyo vinavyofundishwa huko?

Shemeji naye alimwonea Poirot wake kibanda umiza, ile filamu ya mauaji kwenye treni, imetiwa sauti ya mtafsiri. Na mtafsiri hana subira. Tajiri anapanda tu treni, mtafsiri anasema, "Ndugu mtazamaji, mwangalie vizuri huyu, hafiki!" Treni haijakwama kwenye theluji, wauaji wameshatajwa, na Poirot anaitwa Mzee wa Ndevu. Ndevu! Shemeji anaapa hakuna iliyo bora kuliko hiyo, maana hupotezi muda kufikiri.

Lakini mjinga huyo siku moja alinibana. "Shem, mbona huyo wako kwenye ile treni ya mwaka 2010 kageuka katekista? Kashika rozari, anafokea abiria." Nilikohoa. Hiyo ya 2010, kwa kweli, huwa nasema umeme ulikatika sikuiona.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikafuga. Wiki tano, kisha nikampelekea kinyozi picha ya Suchet kwenye simu. Akaitazama, akanitazama. "Mzee, huyu nywele zake zinalala. Zako kipilipili." Nikamwambia afanye kazi. Akapaka mafuta, akasokota, akapuliza. Nilitoka pale upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, kama mizani ya muuza dagaa, lakini nilitembea hatua fupifupi mpaka nyumbani.

Juzi usiku kipande cha samaki changu wa nazi, alichowekewa shemeji, kikatoweka kwenye sufuria. Mama Zuhura akatuita wote sebuleni. Akatukalisha, akazima televisheni, akaanza kutembea nyuma ya viti bila kusema neno. Nilifurahi kweli, nikasema afadhali somo limeingia. Nikainuka kumsaidia. Nikaeleza kwa utaratibu: shemeji alichelewa kurudi makusudi, akapitia mlango wa uani, akajiibia mwenyewe ili aonewe huruma apewe kipande cha pili. Nikaeleza na alivyofunika sufuria kwa mkono wa kushoto.

"Kaa, Baba Zuhura," akasema.

Nikakaa. Akanishika kidevu, akakigeuzia kwenye taa. Akapitisha kidole kwenye masharubu, ule upande ulioshuka, akakinusa.

"Tui," akasema.

Shemeji akapiga makofi. Alisema hata mtafsiri asingeweza kuwahi hivyo.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwa kinyozi. Akauliza, "Yote?" Nikasema yote. Niliporudi kijana alikuwa barazani anafunga viatu vya shule. Akanitazama juu ya mdomo, taratibu, kama anayesahihisha mtihani.

"Duara," akasema, akachukua begi lake akaondoka.