Nchi ya Mufasa haina watu

Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994, mwaka uleule The Lion King, katuni ya Disney kuhusu mfalme simba Mufasa na mwanawe Simba, ilipotoka Marekani. Watoto wengi wa Arusha wa rika langu waliiona kwa jirani mwenye deki, kwenye kanda iliyochakaa, sebule imejaa hadi mlangoni. Sasa watoto hao ni wazazi, na katuni ileile wanawawekea watoto wao kwenye simu. Ukiitazama ukiwa na umri wa Mufasa badala ya umri wa Simba, unaanza kubishana nayo.

Wanaoilaumu wana hoja, ila naona wanaanzia pasipofaa. Wanaanza na fisi. Ni kweli fisi kaonewa. Mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi wa Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, akakuta kwamba ndani ya kreta fisi huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, tena usiku, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kupora. Kwenye katuni ni kinyume: fisi ni wapumbavu wenye njaa wanaosubiri wapewe na Scar, mdogo wake Mufasa. Jambo moja wamelipatia, sijui kwa kusoma au kwa kubahatisha: kinara wao, Shenzi, ni jike, na kweli kwa fisi majike ndio watawala.

Lakini sisi tuna mdomo gani wa kumtetea fisi? Hadithi tulizolelewa nazo hazina fisi mwenye akili. Ni yuleyule mlafi aliyefika njia panda, akasikia harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kwenda kote kuwili mpaka akapasuka msamba. Hatuwezi kuidai Disney haki ambayo bibi zetu hawakumpa fisi. Vivyo hivyo kwa Timon, mnyama mdogo anayemlea Simba ugenini, ambaye jamii yake inaishi Kalahari na haipo kabisa Tanzania, na kwa mganga aitwaye Rafiki, anayefanana na nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun. Ngano haiulizwi cheti cha kuzaliwa.

Simba wenyewe nao wamebadilishwa. Utafiti wa simba wa Serengeti, ulioanza mwaka 1966, umeonyesha kwamba kundi la simba ni mali ya majike: mama, dada, binti na mashangazi. Madume huja, hutawala miaka michache, kisha hufukuzwa na madume wengine, na hao wageni huua watoto wanaowakuta. Scar wa kweli asingehangaika na hila za kumfukuza mtoto. Na Simba wa kweli, akishakua, angekwenda kutafuta kundi la wengine, asingerudi kudai kiti cha baba yake.

Kudai kiti cha baba ni mambo ya watu. Hapo ndipo filamu inapomkamata mtu mzima wa huku kwetu kuliko pengine ilivyokusudiwa. Utotoni nilimwona Scar kama jini mwenye sauti nzito. Leo namwona kuwa baba mdogo. Kaka amekufa katika mazingira ya kutatanisha, matanga hayajakwisha, na mdogo mtu ameshakaa kwenye nyumba. Mjane yupo lakini hana kauli. Mtoto wa kiume ameambiwa aondoke asirudi, tena ametwishwa mzigo wa kuamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Nenda Moshi, keti na watu wanaogombea kihamba, yaani shamba la ukoo, au sikiliza kesi ya mirathi katika Mahakama ya Mwanzo yoyote Arusha, utakutana na Scar wa kila aina, wengine wamevaa suti. Mtoto anayejipenyeza chini ya mkono wa baba yake aliyekwisha kufa, vumbi la nyumbu likiwa bado hewani, ndiye sababu ya mimi kutokubaliana na wanaotaka tuiweke kando. Sijui katuni nyingine inayomweleza mtoto kwa ukweli namna hiyo jinsi watu wazima wanavyoweza kumwibia yatima hata huzuni yake.

Upande wa pili wa shilingi ni Sarabi, mama yake Simba. Ndiye anayeongoza mawindo, anajua shemeji yake anaiua nchi, na bado yeye na wenzake wanashinda njaa wakingoja mvulana aliyekulia kwenye wadudu aje awaokoe. Nala, rafiki wa Simba tangu utotoni, anajaribu kidogo, anatoka kutafuta msaada, na msaada anaoupata ni dume. Mwenye binti ana haki ya kuguna hapo. Mimi huguna, na binti yangu huniambia ninyamaze.

Kuhusu Hakuna Matata nitasema kwa kifupi, maana wimbo umeshaimbwa vya kutosha kwenye magari ya watalii. Fulana zenye maneno hayo zinazouzwa Arusha zimebeba nusu ya hadithi. Filamu yenyewe inaikataa falsafa hiyo: Simba anaishi kwa raha bila kujali, halafu anaambiwa arudi nyumbani, na anarudi. Kibaya zaidi, Disney waliomba mwaka 1994 kuyasajili maneno hayo kama alama yao ya biashara kwenye nguo, wakakubaliwa Marekani mwaka 2003. Watu walikuja kulalamika kwa sauti mwaka 2018. Walikuwa sahihi, ila hilo ni kosa la wanasheria. Waliochora hawahusiki.

Lawama yangu mimi iko kwenye kitu ambacho hakionekani kabisa. Katika nchi yote ile inayoguswa na jua hakuna mtu hata mmoja. Hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna moshi wala kijana mwenye fimbo. Mtoto wa London hawezi kulitambua pengo hilo. Mtoto wa Arusha akipanda gari kuelekea Ngorongoro anapita Makuyuni na Mto wa Mbu, na njia nzima anaona mifugo na wenye mifugo.

Picha hiyo ya nyika isiyo na wenyewe haikuanza na Disney. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, alitoa filamu yake kuhusu Serengeti, akashinda Oscar, na ujumbe wake ulikuwa kwamba mbuga iachwe kwa wanyama. Mwaka huohuo Ngorongoro ilitengwa na hifadhi ya Serengeti, na Wamasai waliokuwa Serengeti wakahamia huko. Tangu 2022 kaya za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Unaweza kuunga mkono uhamisho huo au kuupinga. Wanaouunga mkono wana hoja kuhusu ongezeko la watu na mifugo, na si hoja ya kupuuzwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekua akiamini kwamba nyika halisi ni ile isiyo na watu ameshaegemea upande mmoja kabla mjadala haujaanza, na wala hakumbuki nani alimwegemeza.

Hata hivyo, mchoro una utetezi wake. Simba wanaoimba, tembo wanaoinama, twiga wa rangi ya chungwa: mtoto anajua hii ni ngano, na ngano ya wanyama haihitaji watu, kama vile hadithi za sungura zisivyohitaji. Utetezi huo ulivunjika mwaka 2019, waliporudia filamu hiyohiyo kwa picha za kompyuta zinazofanana na maisha, kila unywele mahali pake, ardhi kama uliyoiona jana ukitoka Karatu. Hiyo haionekani kama ngano tena. Inaonekana kama kipindi cha maliasili, na katika kipindi cha maliasili kumwacha mtu nje ni kutoa taarifa. Kwa hiyo nyumbani kwangu ya 1994 inatazamwa, baba mdogo na yote. Ya 2019 sijaiweka.