Kaseti ya Contra ilivyofanya niombewe niache gongo

Ukitaka kujua kwenu mna mafundi wangapi, we toa kaseti ya gemu iliyokufa mbele ya familia. Kila mtu atakwambia ipulize.

Sisi kwetu Mbeya, pale Soweto, tulikua na ile TV gemu ya kichina, ile waliyoigilizia Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983. Waliokua miaka ya tisini wanaijua, pedi mbili, bunduki ya plastiki, na kaseti ya njano imeandikwa ina gemu 9999999 halafu ukizihesabu za ukweli ni chache tu, zilizobaki zote ni Mario yuleyule kaanzishwa stage nyingine. Sasa likizo ya mwezi wa saba braza kapanda darini kutafuta sijui nini akashuka na mfuko mzima wa kaseti, na Contra imo, ile gemu ya wanajeshi wa kupiga risasi! Watoto wakapiga kelele, tukachomeka, tukawasha... kijivu. Tukatoa tukarudisha, vimraba vimraba vya ajabu, halafu kijivu tena.

Ndo kupuliza kukaanza. Braza kapuliza, dogo kapuliza, shemeji kapuliza, babu akasema leteni hapa nyie hamna mapafu. Babu anavuta ugoro jamani. Kaishika ile kaseti, kavuta pumzi, na badala ya kupuliza akapiga CHAFYA humohumo ndani.

Na hili la kupuliza wazee tuliachane nalo. Pumzi ina unyevu, unyevu ukikaa kwenye yale meno ya shaba ya chini ya kaseti, yanayogusana na mashine, yanashika kutu taratibu, ukiona imekubali baada ya kupuliza ni kwa sababu umeitoa ukairudisha, meno yakakaa vizuri. Basi.

Nikachukua bisibisi nikaifungua. Dogo akaniuliza tepu iko wapi, nikamwambia hamna tepu humu, jina tu kaseti. Ndani kuna kabodi ka kijani, katikati tone jeusi la gundi ngumu na chipu imefukiwa humo, chini meno 60, thelathini huku thelathini kule. Lile tone likifa ndo basi tena, ila mara nyingi tatizo ni uchafu wa meno tu. Nikaazima raba ya dogo ya kufutia penseli nikasugua polepole, raba ikageuka nyeusi, meno yakaanza kung'aa, na ugoro wa babu nikautoa kwa kijiti cha pamba.

Ikabaki kufuta na spiriti. Duka la dawa la mtaani imeisha. Braza akasema tulia, akatoka, akarudi na chupa ya maji ya kunywa ambayo ndani hamna maji. Gongo. Usiniulize kaitoa wapi. Kwa kusafisha inasafisha kweli, shida yake ina maji mengi, haikauki haraka kama spiriti, na mwezi wa saba Mbeya soksi tu inakaa kwenye kamba mpaka unaisahau. Braza akasogeza jiko la mkaa. Nikamwambia toa hilo jiko, gongo na moto havikai chumba kimoja, akasema punguza uoga, akaliweka pembeni yangu.

Hapo ndo hodi ikapigwa. Bimkubwa karudi na wazee wa kanisa na kina mama wa kwaya, siku hiyo ibada ya nyumba kwa nyumba ilikua kwetu na hakuna aliyeniambia. Wananikuta nimekaa chini, nimejifunika blanketi, macho mekundu kwa moshi, chupa ya gongo katikati ya miguu.

"Mama hii ni ya kusafishia kaseti."

Mzee wa kanisa akaniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, hata mimi nilikua nawaambia ni ya kuchulia goti."

Nikawekewa mikono kichwani. Bimkubwa analia, kwaya imeanza pambio, na wa kwanza kupiga magoti ni nani, braza! Aliyeileta! Tena anaitikia amina kuliko wote. Katikati ya maombi nikasikia harufu ya plastiki inaungua, nataka kugeuka mikono imenikandamiza, mama mmoja akapaza sauti, "Anatoka! Mnasikia harufu yake? Anatoka!" Wakaongeza sauti.

Aliyekua anatoka ni ganda la Contra, lilikua limeegemea jiko.

Amina ya mwisho ilipopita nikaidaka bodi, yenyewe nzima, imekauka vizuri tu. Ganda halina kazi zaidi ya kushikia. Nikaichomeka uchi hivyohivyo, nikiangalia upande maana ukiigeuza umeme unaingia kwenye meno yasiyo yake, ili bimkubwa aone kwa macho yake kwamba nilikua nasafisha kaseti. Nikawasha. Mziki wa Contra ukajaa sebuleni, kwaya kimya.

Mzee wa kanisa, mzee ni cheo tu huyu wala hajafika hamsini, akasogea mbele na Biblia kwapani, akachukua pedi mkononi mwa dogo bila kuomba. "Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A." Ile kodi ya siri ya Contra, unapewa roho thelathini. Akaniangalia. "Na ile ya kupiga bata ipo?"

Nikamwambia ipo mzee, na bunduki ipo, ila kwenye hizi TV bapa haipigi, ile bunduki inasoma mwanga wa TV za chogo peke yake.

"Ninalo chogo nyumbani, linafanya kazi."

Bimkubwa akasema mzee, tulikua hatujasoma neno. Mzee akajibu someni, mimi nakuja, na tunamsikia nje anabishana bei na bajaji ya kwenda na kurudi.