Karafuu Iko Rafu Nne

Mdogo wangu kaanza chuo Unguja mwaka huu. Wiki ya tatu haijesha, kanipigia simu: "Dada, maktaba yetu haina kitu." Nikamuuliza ulitafuta nini? Kimya. Mwisho akakiri kuwa alikwenda kukaa tu, maana kule kuna feni na waifai, na bwenini umeme ulikatika.

Sikumcheka sana, kwani na mie nilianza hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza mzima, maktaba kwangu ilikuwa soketi. Tukiamka mapema tukigombania viti vya ukutani, na hatukuwa tukifuata kitabu, tulikuwa tukifuata chaji. Tunaingia na desa tulilolitolea kopi steshenari, tunalikariri mpaka adhuhuri, tunatoka kusali, tunarudi kulikariri tena. Vitabu viko nyuma ya migongo yetu na hakuna anayegeuka. Mtu angevihamisha vyote usiku akaweka magunia ya karafuu, wengi wetu tusingejua mpaka tusikie harufu.

Nimetaja karafuu kwa sababu ndiyo iliyonitoa ujinga.

Mwaka wa pili, mwalimu wa historia alitupa kazi ya kueleza kwa nini karafuu nyingi ziko Pemba na si Unguja. Mie mtoto wa Wete, Pemba. Nimechambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, tangu sijajua kusoma, nani wa kunifundisha karafuu? Nikaandika jioni moja: udongo, mvua, vilima, basi. Karatasi ikarudi na alama za kutia aibu, na chini yake wino mwekundu: "Udongo haukubadilika. Nini kilibadilika?"

Kwa hasira nikenda moja kwa moja kaunta ya maktaba, mahali ambapo nilikuwa nikipita kila siku bila hata kusalimia. Alikuwepo mkutubi, mama wa makamo, anabandika namba kwenye migongo ya vitabu. Nikamwambia nataka kitabu cha karafuu. Akanitazama juu ya miwani: "Karafuu ipi, mwanangu? Ya kupanda, ya kuuza, ya dawa, au ya zamani?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe alikuwa ananifundisha maktaba nzima kwa swali moja. Zile namba zilizobandikwa kwenye vitabu, kwa maktaba inayotumia mfumo wa Dewey kama yetu, zimepangwa tangu 1876 kwa kuigawa elimu mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 999. Mfumo hauangalii kitu chenyewe, unaangalia umekishika upande gani. Karafuu ya mkulima iko kwenye 630, pamoja na kilimo chote. Karafuu ya soko na bei iko 338. Mafuta yake yanayotuliza jino utayakuta 615, kwenye dawa. Na karafuu ya masultani na mashamba yao iko 960, historia ya Afrika. Rafu nne, nyengine ziko pembe mbili tofauti za ukumbi. Mwanafunzi aliyesimama kwenye moja akatoka akisema hakuna kitu, hajasema uongo, ila ameona robo.

Kwenye 960 ndipo nilipokutana na Aprili 1872. Mwezi huo kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba kwa kiasi kikubwa ikasalimika. Baada ya hapo Pemba ikashika uongozi, na haijauachia mpaka leo. Yaani jambo ambalo mie nililiona kuwa ni maumbile ya kisiwa changu, lilikuwa na tarehe. Nilimpigia simu baba nikamhadithia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo upepo wao ndiyo riziki yetu."

Kile kitabu kilikuwa na karatasi ya kugongea mihuri ya tarehe. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka mingi kabla sijaingia chuo. Kwa miaka yote hiyo kila darasa lilipewa kazi ileile na kila darasa likaandika udongo na mvua.

Utamu wenyewe ulikuja chini ya kurasa, kwenye tanbihi, yale maandishi madogo tunayoyaruka. Mle mwandishi anakwambia alichokisema kakitoa wapi. Tanbihi zikawa zinataja barua za ubalozi mdogo wa Uingereza, na barua zile ziko pale pale Unguja, Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nikaomba barua ya chuo, nikenda. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kukaa kwenye chumba kile wasome, na mie nilikuwa nikipita njia ile na daladala bila kugeuza shingo. Siku hizi ndivyo ninavyosoma kitabu cha kitaaluma: naanza na marejeo nyuma, kisha tanbihi, sura ya kwanza baadaye.

Sasa nisije nikaonekana nazisifu maktaba bila kuona kasoro. Malalamiko ya wanafunzi yana ukweli. Vitabu vya kompyuta vinazeeka kabla havijafika rafuni. Kitabu kinachotakiwa na darasa la watu mia mbili kipo nakala mbili, na moja imechanwa kurasa. Na kuna dhambi yetu wenyewe ambayo hatuitaji: kuficha. Mtu anaona kitabu cha sheria kinatakiwa na wengi, anakichukua anakichomeka kwenye ufugaji wa kuku ili kesho akikute peke yake. Kitabu kilichokaa pasipo pake ni sawa na kilichoibiwa, maana hata mkutubi hakioni. Ukikutana na mtu wa aina hii, mwambie huo si ujanja, ni uchoyo.

Kwa upungufu wa nakala, sehemu ya dawa iko mtandaoni, na siyo ile ya kumaliza bando kwa kunakili kurasa zisizo na mwandishi. Kuna mpango unaoitwa Research4Life unaofungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kulipia, bure au kwa ada ndogo. Wa afya wana Hinari tangu 2002, wa kilimo wana AGORA tangu 2003. Ikiwa chuo kimesajiliwa, neno la siri liko maktaba. Nilisoma na wenzangu wa uuguzi waliomaliza bila kuliuliza. JSTOR nayo, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, ukifungua akaunti yako, inakuruhusu kusoma makala kadhaa kwa mwezi bila kulipa.

Na usizidharau tasnifu za waliokutangulia. Kuna mtu alikaa vijijini Micheweni miezi, akazungumza na wazee ambao sasa hawapo, na kazi yake imefungwa jalada gumu inakula vumbi. Isome, itaje, fuata marejeo yake. Ukiinakili utakamatwa, na wala haina haja, kwa sababu mwishoni kila mmoja ameandika sura ya mambo aliyoyaacha bila kutafitiwa. Mada yako pengine imelala pale inakungoja.

Ukiwa nyumbani likizo, Maktaba Kuu ya Maisara ipo, na huku Pemba tuna ya Chake Chake. Mie bado nakwenda Chake, mara nyingi Jumamosi, kabla sijaanza kusahihisha madaftari ya skuli.

Haya yote nilimweleza mdogo wangu kwa simu, nikamwambia aende kaunta, na aende sasa, wiki ya tatu, asingoje wiki ya mtihani ambapo kila mtu anamzonga mkutubi mmoja. Kesho yake nikapata ujumbe: "Nimefika. Kaniuliza nnataka kujua nini. Nimekwama."

Nikamwandikia: kazi uliyopewa inasemaje hasa? Ukapita muda. Jioni ndiyo akajibu kuwa simu ilimzimikia pale pale kaunta. Soketi zote zilikuwa na watu.