Wazo Likipiga Hodi

Kiswahili kina jambo moja linalonichekesha na kunitisha kwa pamoja. Ukisema "fulani ana mawazo", hakuna atakayedhani unamsifu kwa upana wa fikra. Kila mmoja ataelewa kwamba halali, amekonda, pengine anadaiwa, pengine kaachwa. "Mbona umepungua hivyo, una mawazo?" Kwetu, mawazo yakitajwa peke yake ni maradhi. Na huyo mwenye mawazo akiomba ushauri siku hizi atapewa dawa moja tu, kuanzia kwenye semina za hamasa mpaka kwenye vikundi vya WhatsApp: waza chanya.

Mimi "waza chanya" imenichosha. Niliijaribu kwa moyo wote usiku mmoja wa Alhamisi, na nitakusimulia ilivyokuwa.

Nafundisha sekondari, shule ya binafsi hapa Dar es Salaam. Saa tatu usiku ukaingia ujumbe wa mkuu wa shule: "Mwalimu, kesho kabla ya vipindi pita ofisini kwangu. Kuna jambo." Basi, hakuna zaidi. Hilo "kuna jambo" likanikaa kooni. Kufika saa sita nilikuwa nimeshafukuzwa kazi. Saa saba nimeshindwa kulipa kodi, mwenye nyumba kasimama mlangoni na shemeji yake. Saa nane watoto wameshatolewa shule, nami nashuka stendi ya Tanga na mabegi, nikijieleza kwa mama wadogo mmoja mmoja. Mume wangu pembeni anakoroma. Nikakumbuka ya semina, nikaanza kujisemea: mambo yatakuwa mazuri, mambo yatakuwa mazuri. Kila nikisema, sauti nyingine inauliza: umejuaje? Na kweli, nilijuaje? Ushahidi wa mazuri sikuwa nao, kama vile wa mabaya sikuwa nao. Nilikuwa napiganisha uongo kwa uongo, na ule wa mabaya ulikuwa na nguvu zaidi kwa sababu ulikuja na picha.

Asubuhi mkuu wa shule akaniambia anaomba niwe mshereheshaji kwenye mahafali ya kidato cha nne.

Bibi yangu wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, Mungu amrehemu, hakuwahi kukanyaga semina yoyote. Alikuwa na neno wasiwasi tu, ila alilitumia kwa namna niliyochelewa kuielewa. Hakusema "nina wasiwasi". Alisema "wasiwasi umekuja", kama anavyosema mgeni kaja. Nilidhani ni lahaja ya wazee. Baadaye nikajua kwamba neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono. Sura ya mwisho ya Qur'ani, An-Nas, ya 114, aya 6 tu, tunayoikariri tangu madrasa bila kuitafakari, ni kuomba kinga dhidi ya huyo mnong'onaji anayenong'ona vifuani mwa watu. Humo anaitwa pia khannas, mwenye kurudi nyuma na kujificha. Imepokewa kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, katika kulifasiri neno hilo, kwamba mja akimtaja Mwenyezi Mungu yeye hurudi nyuma, na akighafilika huja tena kunong'ona.

Kwa hiyo hafi. Anarudi nyuma tu. Laiti ningeambiwa hilo mapema ningeacha kujiona mshindwa kila wazo lilelile lilipojirudia.

Pwani tumelelewa na adabu ya hodi, na mafundisho yako wazi: mgeni abishe mara tatu, asipojibiwa aende zake. Bibi alikuwa akiniambia mawazo ya usiku nayo yanabisha. "Umelisikia, sawa. Kusikia si kukaribisha. Nani kakwambia ulitandikie mkeka?" Usiku ule wa Alhamisi kosa langu halikuwa kujiwa na wazo la kufukuzwa; lile lilikuja lenyewe. Kosa ni kwamba nililitandikia mkeka, nikalimiminia chai, nikaanza kuliuliza habari za kodi na ada. (Mgeni wa kweli walau ana haya, akibisha mara tatu anaondoka. Huyu hubisha mpaka alfajiri.)

Hapa dini ilinipa nafuu ambayo semina hawana. Imo hadithi, katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zao huwazungumzisha, maadamu hawajayatenda wala kuyatamka. Na masahaba walipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanakuta nafsini mwao mambo wanayoona makubwa mno kuyasema, aliwajibu kwamba huko kuchukia kwao ndiko imani iliyo wazi. Fikiria ni watu wangapi wanaviogopa vichwa vyao wenyewe. Mzazi aliyejifungua juzi anapitiwa na wazo baya juu ya mwanawe. Kijana anajiwa na shaka katikati ya sala. Kila mmoja anadhani lile wazo ndiyo sura yake halisi. Halafu anakuja mtu na kipaza sauti kuwaambia uwazavyo ndivyo uwavyo, kwamba wazo baya huvuta tukio baya. Mimi naona huo ni ukatili uliovaa tai.

Sisemi kutazama mema hakuna maana. Tunalo neno letu, la siku nyingi kuliko "chanya", nalo ni dhana njema. Katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu aliyoyasimulia Mtume, Mwenyezi Mungu anasema yuko kama mja wake anavyomdhania. Lakini angalia dhana hiyo inamwelekea nani. Haiuelekei mshahara, wala majibu ya maabara, wala mkuu wa shule. Aliyewaza chanya anajiambia hatafukuzwa, na barua moja ya Ijumaa asubuhi inatosha kumwangusha. Mwenye dhana njema hajui kama atafukuzwa; anachojua ni kwamba akifukuzwa, Mola wake hajahama. Usiku ule sikuwa na hiyo ya pili. Nilikuwa na swaumu na sala zangu zote, lakini tegemeo langu lilikuwa kwenye ujumbe wa simu.

Ipo dua ambayo Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume, anasema alimsikia akiisoma mara nyingi. Anajikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamm, yaani wasiwasi wa moyo, na huzuni, na kushindwa na uvivu, na ubakhili na woga, na uzito wa deni na kuonewa na watu. Isome tena hiyo orodha. Deni limo, kwenye dua moja na wasiwasi. Maana mawazo mengine hayatoki kichwani, yanatoka kwa mdai. Jirani yangu anayeuza vitumbua aliingia kwenye mikopo ya kausha damu. Kila asubuhi vijana wawili na daftari wanakaa kibarazani kwake kabla hata mafuta hayajachemka. Mtu wa hivyo ukimwambia awaze chanya unamtukana. Wanawake wa kikoba chetu walikaa naye Jumapili mbili, wakapiga hesabu mpaka ya sukari na mkaa, wakaenda kuzungumza na wale vijana kwa niaba yake. Sala alikuwa anasali muda wote. Usingizi ulirudi baada ya hesabu. Na yule mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kamba kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu, aliambiwa amfunge kwanza.

Wanazuoni wanatofautisha yale mawili ya mwanzo katika dua ile: hamm ni ya jambo ambalo bado halijaja, huzuni ni ya lililokwishapita. Nadhani ushauri mwingi tunaopeana unaharibika hapo. Dawa ya lile lisilokuja tunampa mtu ambaye lake limeshakuja.

Huzuni niliionja baba alipofariki. Hapakuwa na mnong'ono hapo, wala uongo wa kukanusha. Siku ya pili ya msiba mwenzangu mmoja wa kazini akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: nisilie sana, nigeuze mtazamo, nitazame upande wenye mwanga. Alikuwa na nia njema, namjua. Niliufuta kabla haujaisha. Nabii Yaakub katika Sura Yusuf alishasema "subira njema" tangu mwanzo, na bado macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe wakamwambia hataacha kumtaja Yusuf mpaka adhoofike; akawajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu tu sikitiko lake. Hakuna aliyemwambia imani yako imepungua. Mtume naye alilia mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, na alipoulizwa, hata wewe?, akasema hiyo ni rehema: jicho latoa machozi, moyo wahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mpaka umewekwa kwenye ulimi. Moyo umeachwa uhuzunike.

Kilichonifaa siku zile kilikuja ndani ya chupa ya chai. Mama wa nyumba ya pili alileta uji wa mchele wenye tui na pilipili manga, akamimina, akanishikisha kikombe kwa mikono yake miwili, akakaa. Hakusema kitu. Miaka baadaye nikakuta habari ya Bibi Aisha, mke wa Mtume: akifiwa na jamaa, wanawake waliokusanyika wakishatawanyika na kubaki wa karibu tu, aliagiza ipikwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema inauliwaza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Baadhi! Napenda sana kwamba hakusema yote.

Ipo na hali ya tatu ambayo sitaisemea sana, maana si fani yangu. Rafiki yangu alikaa wiki bila usingizi, hakuli, hasogei. Akaambiwa ana majini, akaambiwa uradi wake mchache, akaongezewa uradi mpaka akawa anaona hata Mungu kamkataa. Aliyemwokoa ni daktari wa afya ya akili, na dawa, na kukaa na mshauri kila wiki. Mtume alisema jitibuni, kila ugonjwa una dawa yake. Kichwa ni kiungo kama ini. Huyo rafiki yangu leo ndiye anayenigongea Ramadhani niamke daku.

Kwa mawazo ya kawaida, haya ya saa nane usiku, mimi nina kitu kimoja tu, nacho si changu. Bibi Fatma, binti wa Mtume, mikono yake ilikuwa imechubuka kwa jiwe la kusagia. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, hakumkuta. Usiku Mtume akawafuata yeye na mumewe Ali, wakiwa wameshapanda kitandani, akawafundisha: Allahu Akbar 34, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, hayo ni bora kwenu kuliko mtumishi. Nilipokuwa msichana hadithi hii ilinisumbua. Kaomba msaada, kapewa maneno? Sasa nina miaka 41 na rundo la madaftari ya kusahihisha, nimeona kwamba mwili uliochoka kiasi kile hupanda kitandani na kichwa kisichojua kusimama, na kichwa cha hivyo hakikubali kuambiwa kinyamaze. Kinakubali kupewa kazi.

Natumia tasbihi ya bibi. (Najua wapo watakaosema tasbihi ni bidaa, uzushi katika dini; hilo tutalijadili siku nyingine.) Ilikuwa na punje 33, moja ilipasuka zamani, kwa hiyo nikifika mwisho naongeza moja kwa kidole, na kwenye Allahu Akbar naongeza mbili. Ukihesabu vibaya unajikuta kwenye kodi ya nyumba tena, basi unarudi mwanzo.

Wiki iliyopita mkuu wa shule ameandika tena, saa tatu usiku, "Mwalimu, kesho tuonane." Nikajibu sawa, nikaenda kuepua maharage. Saa nane nikawa macho kama kawaida, na wazo limeshafika mlangoni, linabisha. Nikapapasa chini ya mto. Mzunguko wa kwanza nilipotea mara mbili. Wa pili ulikwenda vizuri, ila sikumbuki niliufikisha punje ya ngapi.