Riwaya za vijana na damu: tupime kwa kipi?

Juzi umeme ulikatika hapa Nkuhungu, Dodoma. Binti wa dada yangu, wa kidato cha pili, akaendelea kusoma kwa tochi ya simu hadi akafika pale katoto ka miaka 12 kanapochomwa mkuki. Akafunga kitabu, akakaa kimya. Dada akanigeukia: "Hiki ndicho ulichomletea mwanangu?"

Ana haki ya kuuliza. Kitabu chenyewe ni The Hunger Games cha Suzanne Collins, cha mwaka 2008: nchi inakusanya watoto 24 kila mwaka, wa miaka 12 hadi 18, wauane mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Riwaya za namna hii, za distopia, yaani dunia iliyoharibika, zimeandikwa nyingi kwa ajili ya vijana.

Wapo wanaosema zinamkomaza mtoto kabla ya wakati. Hilo halinisumbui sana, kwani sisi tulilala na hadithi za mazimwi yanayomeza kijiji kizima. Linalonisumbua ni jingine. Hadithi hii inawalaani watu wanaostarehe huku wakitazama watoto wakiuana, kisha inatuketisha palepale walipoketi wao, tukifunua kurasa haraka tujue nani anafuata kufa. Kitabuni angalau tumo ndani ya kichwa cha Katniss, msichana anayesimulia, tunaogopa pamoja naye. Filamu ya 2012 ilitutoa humo. Niliitazama kwenye kibanda umiza, na vijana walishangilia kila aliyeanguka kana kwamba ni goli.

Tena yupo mtoto ambaye vita kwake si hadithi. Nchi hii imepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Mwalimu hawezi kujua aliyeketi dawati la nyuma amebeba nini, au nyumbani kwake usiku kunatokea nini. Kulifanya darasa zima lisome kitabu kama hiki kwa lazima ni kosa. Hapo niko upande wa dada.

Lakini Ugogo hatuwezi kusema watoto wetu wamekingwa na habari za vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na baadaye Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na maelfu walikufa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wakati huo. Hakutusimulia kifo hata kimoja. Ila namkumbuka kule Mvumi, mwaka wa mavuno mema, ghala limejaa: nimemwaga uwele kidogo mlangoni, naye anapiga magoti, mzee yule, anaokota punje mojamoja kutoka vumbini huku midomo ikimtetemeka. Sikuthubutu kumsaidia. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na mkono wake bado ulikuwa kwenye Mtunya. Nikisikia neno kiwewe, naona mkono ule.

Ndiyo maana sihesabu maiti kitabuni. Natazama kama mwandishi anabaki na majeruhi baada ya risasi kunyamaza. Collins anabaki nao. Katika Mockingjay, kitabu cha tatu, cha mwaka 2010, wananchi wameasi, na mdogo wa Katniss anauawa kwa mabomu ya mtego: yanalipuka mara ya kwanza, waokoaji wanakimbilia, yanalipuka tena. Mtego huo unafanana na ule uliobuniwa na rafiki wa Katniss mwenyewe, upande wa waasi, na Katniss hapati kamwe kujua kwa hakika kama ndio uliomuua mdogo wake. Peeta, kijana aliyeingia uwanjani pamoja na Katniss, aliyeteswa hadi kumbukumbu zikavurugika, anauliza wenzake: kweli au si kweli? Ushindi umepatikana, na wameharibika. Riwaya zinazochukua uwanja wa mapigano peke yake na kuliacha hili, sitazitetea mbele ya dada.

Kuna jambo nililoligundua usiku uleule. Mama yangu, aliyepita miaka 80, alimwambia mjukuu wake amsimulie. Binti akaanza, akakwama, akarudi nyuma. Alikuwa amesoma kwa Kiingereza, na vile vifo vilikaa kichwani mwake kama picha zisizo na maneno. Ilibidi atafute la kuuita mkuki, la kuuita woga, na alipofika kwenye kifo cha yule mtoto, machozi yaliyogoma wakati wa kusoma yakatoka.

Mama hakuuliza nani alishinda. Aliuliza, "Na huyo dada mtu, vita vilipoisha, alikula?"

Binti hajafika huko, nikajibu mimi. Nikamwambia Katniss anakaa tu jikoni mbele ya moto, hana haja na kitu, hadi mama mmoja mzee wa kwao anapoanza kuja kumpikia.

"Eee," mama akasema, akamsogezea mjukuu wake sahani.