Usiilaumu Fomu Kabla ya Kukagua Mipangilio Yake

Vijana wanaotengeneza programu za ofisi hapa Nakuru, na wenzao wa Kisumu, wana hukumu moja wasiyoichoka: fomu ya kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja na jedwali la data ni kazi ya mwanafunzi. Fundi, wanasema, huacha fomu bila kuiunganisha na jedwali, kisha huandika msimbo (code) wake wa kuleta rekodi, kuikagua na kuihifadhi.

Hawasemi ovyo. Kwenye Access, programu ya Microsoft ya kutunza data, karani akihama tu kutoka rekodi moja hadi nyingine, alichoandika kimeshahifadhiwa, awe alikusudia au la. Katika matoleo ya kabla ya 2007, hata kuzungusha gurudumu la kipanya kulitosha kumhamisha. Na pale fomu ya malipo inapobeba fomu ndogo (subform) ya maelezo ndani yake, rekodi kuu huhifadhiwa mara tu unapoingia kwenye ile ndogo. Ukikatiza hapo, unabaki na malipo yasiyo na maelezo. Hilo silipingi.

Lakini chukua fomu ya kupokea maziwa katika ushirika mdogo wa upande wa Njoro au Molo: namba ya mkulima, tarehe, kilo. Ukifungua mipangilio yake, mara nyingi utakuta chanzo cha data ni jedwali zima na mengine yote hayajaguswa. Kuhariri ruksa, kufuta ruksa, na fomu ikifunguka inaonyesha rekodi ya zamani. Karani mwenye foleni mlangoni anaandika kilo za leo juu ya kilo za mtu mwingine. Mwisho wa mwezi mkulima anadai haki yake, na lawama inaangukia fomu.

Dawa yake haihitaji msimbo. Chanzo kiwe kwiri (query), yaani ombi la kuchagua data, inayoleta rekodi za leo pekee, ili karani asahihishe ya leo bila kugusa ya jana. Au fomu iwe ya kuingiza data tu, ifunguke tupu. Kufuta kuzimwe. Meneja anayetaka kutazama tu apewe chanzo cha aina ya snapshot, kisichokubali mabadiliko. Makarani wawili wakitumia data moja, chagua kufunga rekodi inayohaririwa, maana mpangilio wa kawaida haufungi chochote: wa pili kuhifadhi huulizwa kama afute kazi ya mwenzake, na mwenye haraka hubonyeza kuhifadhi.

LibreOffice Base, programu nyingine ya kutunza data ambayo ni ya bure, ina mipangilio ya namna hiyo pia. Ila huko jedwali lisilo na ufunguo wa msingi (primary key), yaani safu inayotofautisha kila rekodi na nyingine, halihaririki, na mtu anaweza kuhangaika na fomu mchana kutwa kumbe ugonjwa uko kwenye jedwali.

Kinachonisumbua zaidi ni siku ushirika unapoamua kurekodi pia kiwango cha mafuta kwenye maziwa. Kwa fomu iliyounganishwa, unaongeza safu kwenye jedwali na kwenye kwiri, unaburuta kisanduku, kazi imekwisha. Kwa ile ya msimbo, safu hiyo lazima iongezwe kwenye sehemu ya kuleta, ya kuonyesha, ya kusafisha skrini, ya kukagua na ya kuhifadhi. Ukiisahau kwenye kuhifadhi, hakuna onyo. Karani anajaza, skrini inakubali, na jedwali linabaki tupu wiki nzima. Na aliyeuandika msimbo ule alishapata kazi Nairobi, simu yake haishikwi. Anayeachiwa mzigo ni karani yuleyule, ambaye orodha ya mipangilio angeweza kuisoma lakini msimbo hauwezi.

Ushirika ukifungua matawi na data ikaanza kupita kwenye intaneti, habari ni nyingine. Faili ya Access haikuundwa kwa safari hiyo, na ukomo wake ni GB 2. Hapo seva na msimbo vina haki yao. Hata katika ofisi ile ndogo, fomu ya malipo yenye fomu ndogo ndani yake ningeiandikia msimbo. Ya kupokea maziwa ningeiacha imeunganishwa, na kwiri yake ikisoma tarehe ya leo.